TAHADHARI: Nyumba "karibu na uwanja" New York na tiketi za picha, msiingizwe mjini kama sisi

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaopanga kwenda New York Desemba kuangalia futiboli ya Kimarekani ya vyuo: kuna mtu anapangisha nyumba ambayo si yake na kuuza tiketi ambazo hazipo, na anafanya hivyo kwa Kiswahili. Sisi alitulamba dola 1,240.

Tunaishi Lincoln, Nebraska. Mtoto wetu wa kwanza anapiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo. Mwaka 2024 timu ya chuo hicho, Nebraska, ilipangiwa kucheza na Boston College kwenye Pinstripe Bowl, mojawapo ya mechi maalumu za baada ya msimu zinazoalika timu za vyuo, ndani ya Yankee Stadium, ule uwanja wa besiboli ulioko Bronx, sehemu ya jiji la New York. Nebraska ilikuwa haijafika mechi za aina hiyo tangu 2016, kwa hiyo mji mzima ulikuwa unaongelea safari. Tatizo ni kwamba mechi hizi hutangazwa mwanzoni mwa Desemba. Tulijua tarehe 8, mechi ni tarehe 28. Siku ishirini tu za kutafuta ndege, pa kulala na tiketi, tena katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya, hoteli za New York zikiwa hazishikiki kwa bei. Matapeli wanaijua sana kalenda hiyo.

Tangazo nililiona kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili. Vyumba viwili, dakika kumi kwa miguu hadi uwanjani, usiku tatu dola 900, na tiketi nne kwa dola 340. Nikaandika. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, Kiswahili safi kabisa, "karibu sana kaka yangu". Mke wangu alipopokea simu, yule mpangishaji akamwita wifi, akamuuliza watoto wanakula nini, akasema atatuachia mchele na unga jikoni. Nilipouliza kama tunaweza kulipia kwenye programu ya kupangisha nyumba, akasema kuna makato makubwa, kwa nini tuwanufaishe wengine wakati sisi ni ndugu. Halafu akaongeza kuwa kuna familia nyingine inaisubiri nyumba hadi saa nne usiku. Nikatuma pesa saa tatu na nusu kwa Zelle, huduma ya kutuma pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki.

Picha za nyumba zilionyesha miti yenye majani mabichi dirishani. Desemba, New York! Niliziangalia mara kumi na sikuliona hilo.

Tulifika usiku wa tarehe 27. Jengo lipo, namba ipo, lakini msimamizi wa jengo alituambia nyumba ile ina wapangaji wa miaka mingi, na kwamba sisi ni familia ya tatu kugonga pale wiki hiyo. Simu ya yule "wifi" aliyetupangisha ikawa haipokelewi. Mabinti zangu wawili walikuwa wanatetemeka, tukaingia kwenye duka la kufulia nguo lililokuwa bado wazi, tukakaa karibu na mashine za kukaushia. Mama mmoja wa Mombasa anayeishi Yonkers, mji jirani na Bronx, ambaye tulipata namba yake kwa rafiki wa rafiki, alikuja kutuchukua na gari lake usiku ule. Mungu ambariki.

Kesho yake tulikwenda uwanjani tukiwa na matumaini kwamba angalau tiketi ni za kweli. Alikuwa ametutumia picha za skrini zenye msimbo wa kuskani. Getini zikakataa zote nne. Mechi ilianza saa sita mchana. Tulisimama River Avenue, chini ya reli ya treni namba 4, tukisikia bendi ikipiga ndani, na mke wangu analia. Nebraska ilishinda 20 kwa 15. Mtoto alikuwa amepiga tarumbeta mbele ya uwanja mzima na sisi hatukumwona.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu haya nilikuja kuyajua baada ya kulizwa. Tangu Septemba 2023 jiji la New York linabana upangishaji wa muda mfupi. Anayepangisha nyumba yake kwa chini ya siku 30 lazima awe amesajiliwa na jiji, awepo mwenyewe humo ndani wakati wote wageni wapo, na asipokee zaidi ya wageni wawili. Kwa hiyo mtu akikwambia anakupa nyumba nzima ya makazi, familia ya watu wanne, usiku tatu, funguo ziko chini ya zulia, hapo hapo jua kuna jambo. Tafuteni hoteli, hata kama ni ng'ambo ya mto, New Jersey, halafu mpande treni. Uwanjani mnafika kwa treni ya 4 au D bila shida.

Tiketi nazo, picha ya skrini si tiketi. Tiketi ya kweli ya simu huhamishwa kutoka akaunti ya muuzaji ikaingia kwenye akaunti yako wewe, na unaiona kwa jina lako kabla hujatoka nyumbani. Akisema "nitaihamisha siku ya mechi", achana naye.

Na pesa: Zelle ni sawa na kumpa mtu noti mkononi. Benki iliniambia nimeituma kwa hiari yangu, basi. Lipeni kwa kadi ya mkopo, maana kwa kadi mnaweza kupinga malipo.

Kama umeshatuma, piga simu benki usiku huu huu, usingoje asubuhi, kisha ripoti FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, na IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Lakini kabla ya kumwandikia neno lolote la hasira, piga picha mazungumzo yote na uhifadhi zile sauti. Mimi nilimwambia niko polisi, na baada ya dakika tano alikuwa ameshaanza kufuta ujumbe wake.