SPheno kwenye kompyuta yangu, hapa Bukavu

Nimeitumia SPheno, programu ya kukokotoa masi za chembe za nadharia ya supasimetri na namna zinavyovunjika, miezi yote ya kazi yangu ya mwisho wa masomo ya fizikia, na kitu cha kwanza nilichoipendea ni udogo wake. Werner Porod aliitoa mwaka 2003, kwa lugha ya Fortran. Nilinunua mega za siku moja, nikaishusha, nikaandika make (amri ya kuiunda programu) kwenye Linux, basi. Tangu siku hiyo haijanidai intaneti. Umeme ukikatika huku Kadutu, betri inanitosha, maana hesabu moja haikawii.

Nilikuwa natafuta uwezekano wa muoni, ndugu mzito wa elektroni, kugeuka elektroni na kutoa fotoni, chembe ya mwanga. Katika Modeli Sanifu, nadharia ya chembe inayotumika leo, jambo hilo ni kama halipo. Lakini supasimetri, inayoipa kila chembe mwenza, ikiwa kweli, wenza wa leptoni (elektroni, muoni na jamaa zao), yaani sleptoni, wanaweza kuchanganya fleva, yaani aina zao, na muoni ikapata njia.

Jioni mbili nilipata sifuri. Nilikuwa nimejaza namba ya kuchanganya selektroni na smuoni (wenza wa elektroni na muoni) kwenye BLOCK MSL2IN, sehemu ya faili la kuingiza namba, nafasi ya 1 2. Nikaikuza, nikaikuza tena: sifuri. Kosa lilikuwa langu, juu kabisa ya faili hilo, LesHouches.in: kwenye BLOCK MODSEL sikuwa nimeandika mstari wa 6. Ukiweka 1 pale unaruhusu fleva za kwaki (chembe zinazounda protoni) zichanganyike, 2 za leptoni, 3 zote. Nilipoandika 6 2, namba ikatokea ndani ya SPheno.spc, faili la majibu. Nikaiongeza ile ya kuchanganya mara mbili, uwezekano ukapanda karibu mara nne, sawasawa na nilivyopiga hesabu kwa kalamu. Nilimwamsha mdogo wangu aje aone.

Kisha unaulinganisha uwezekano huo na kikomo chake cha juu kutoka jaribio la MEG II kule Uswisi, 1.5 × 10⁻¹³, kilichotangazwa mwaka 2025. Modeli zangu nyingi zilizidi kikomo hicho, zikafia hapo, na ndiyo kazi yenyewe.

Anayetaka kuona migongano, tukio kwa tukio, ajue SPheno haifiki huko. Inakupa masi za chembe na namna zinavyovunjika. Faili la SPheno.spc unalipeleka kwa Pythia, programu ya kuiga migongano, kwa kuwa zote mbili zinasoma SLHA, muundo wa pamoja wa kuandika faili hizi.

Mwongozo wake ni wa Kiingereza. Nimeanza kuandika wangu wa Kiswahili kwa wadogo zetu wanaokuja. Nimefika ukurasa wa sita, na ile 6 ya MODSEL nimeiandika kwa wino mwekundu.