Darasa la Kijapani Kirumba: somo la mapenzi
Nilijiunga na kozi hii ya jioni, inayofundishwa katika chumba kidogo karibu na mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, kwa sababu za biashara, lakini somo lililonikaa moyoni ni lile la mapenzi. Mwalimu alieleza kwamba "aishiteru" (nakupenda), neno ambalo wengi wetu tulikuja tumelikariri, Wajapani hulitamka kwa nadra kwa kuwa ni zito mno, na anayefunua moyo wake husema tu "suki desu", namna nyepesi zaidi ya kusema nakupenda, kisha "tsukiatte kudasai", yaani kuomba wawe wapenzi. Katika "nakupenda" yetu mpenda na mpendwa wamo wote. Katika "suki desu" hatajwi hata mmoja, ukabaki kumtazama mwenzako usoni. Nakala za mazoezi, hata hivyo, zilikuwa zimefifia kiasi kwamba herufi za kanji, zile zenye asili ya Kichina, hazikusomeka.