Elfu thelathini ya kuambiwa injini imekufa

Nyota moja kwa gereji hii, na hiyo moja ni ya AC. Nitafika huko, kwanza niacheni nitoe la moyoni.

Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ, geji inasoma zaidi ya kilomita laki mbili na nusu, na sote tunajua geji za magari ya mtumba, huenda ilishachezewa kabla haijapanda meli. Kwa hiyo sikwenda pale nikijidanganya kwamba nina gari jipya. Nilikwenda kwa sababu lilianza kugonga. Sizungumzii ule mlio mwepesi wa juu wa asubuhi, huo IST iliyochoka unao na tumeshauzoea. Huu ulikuwa mzito, unatoka chini, ko, ko, ko, unausikia mpaka kwenye nyayo, hasa nikiwa nimekwama foleni ya Ubungo, gia D, mguu kwenye breki. Nikirudisha N, gia huru, unapungua. Nikikanyaga mafuta gari likachanganya, siusikii tena. Hilo la D na N nililisema mapokezi, nikalisema kwa aliyepokea funguo, nikalirudia kwa fundi mkuu. Kwenye fomu wakaandika "injini ina kelele".

Gereji siitaji jina. Ni zile za kisasa: vigae, viti, televisheni, maji ya chupa, na bango kubwa la kupima gari kwa kompyuta. Dada wa mapokezi sina neno naye, mpole mpaka mwisho. Nikalipa elfu thelathini ya kupima. Mashine ikachomekwa chini ya usukani, swichi ikawashwa bila kupiga stata, ikatoka namba moja ya hitilafu, P0325. Fundi mkuu akaitwa. Akaja anafuta mikono isiyokuwa na grisi hata tone, akanigeuzia skrini.

"Dada, umeona hapa? Noki. Injini imekwisha, hiyo ni konrodi. Tunashusha, tunakufungia nusu injini, andaa milioni moja na laki tano pamoja na ufundi." Noki ni kugonga, na konrodi ni ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka chini ya injini.

Boneti haikufunguliwa. Nyumbani nilipowasimulia walidhani naongeza chumvi, ndiyo maana narudia: boneti haikufunguliwa na injini haikuungurumishwa. Ni sawa na daktari akutangazie kwamba figo zimekufa baada ya kukupima urefu.

P0325 inahusu sensa na waya wake. Kwenye bloku, ule mwili wa injini, chini ya manifodi ya hewa, kuna sensa ya kusikiliza mafuta yanapolipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, ule mlio wa kugongagonga chuma chembamba unaousikia gari likilemewa kupanda Kitonga. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha kidogo cheche ya plagi. Namba ile inaposoma, maana yake mawasiliano ya sensa hiyo hayako sawa, gari linaweza kuwa zito na kula mafuta. Beringi za konrodi zina habari zake nyingine kabisa. Zinaweza kugonga mpaka chuma kitoboe bloku na mashine ile isikuonyeshe kitu.

Nimekulia kwenye oili. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa malori Mbeya na likizo zangu zilikuwa za kumshikia tochi. Nikamwambia fundi mkuu kwa adabu kabisa: "Kaka, tuwashe basi, tuchomoe soketi za koili moja moja tusikilize." Maana 1NZ kila plagi ina koili yake juu. Ukichomoa soketi ya koili moja, silinda ile inaacha kuchoma, konrodi yake inapumzika kusukumwa. Kama kugonga kunatokana na beringi ya pale, mlio utashuka au utabadilika, umemjua mgonjwa ni namba ngapi. Ukichomoa zote kwa zamu na mlio uko vilevile, anza kutafuta kwingine. Unafanya haraka haraka, usiiache injini ikitetema muda mrefu na mafuta mabichi yakaenda kuua katalitiki, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Hakuna gharama. Hakuna spea. Ni vidole na masikio.

Akacheka. Wala hakunicheka mimi usoni, aliwageukia wenzake: "Dada kasomea Youtube." Wakacheka nao. Halafu akanirudia, sasa nimeshapanda cheo kuwa mama: "Mama, gari laki mbili na nusu. Sasa ulitaka nini?"

Hapo ndipo nilipochemka. Kwa hiyo kilomita ndiyo kipimo? Gari likishafika umri fulani basi kila mlio ni nusu injini? Mjini hapa kuna IST za abiria zinazunguka kutwa, wenyewe wanabadilisha oili kwa wakati na injini ziko kimya. Hakuna aliyepima presha ya oili injini ikiwa ya moto. Hakuna aliyemwaga oili akatazama kama ina chenga za shaba, ambazo beringi ikianza kulika huwa zinang'aa ukisogeza mwangaza. Hakuna aliyeniuliza mlio unakuja gari likiwa la baridi au la moto, wakati pistoni iliyolegea kwenye silinda hupiga kelele asubuhi ikatulia ikipata joto, na konrodi ndiyo kwanza inazidi oili ikilainika.

Ushauri pekee wa kifundi nilioupata pale ni huu: "Au tukuwekee ishirini hamsini itulie kidogo wakati unatafuta hela." Yaani oili nzito ya 20W-50. Injini ya VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kwa presha ya oili, yenye njia nyembamba za oili, Toyota wenyewe wanaitakia 5W-30 iliyo nyepesi, wewe unataka kuimiminia oili nzito ili isinisumbue masikio! Hiyo ndiyo dawa ya madalali siku ya kuuza gari bovu. Nikachukua funguo zangu.

Sasa niwe mkweli upande wa AC. Mwanzoni mwa mwaka, au ni kabla ya mvua, AC ilikuwa inatoa joto, na kila mtu mtaani alikuwa ananijazia gesi inaisha tena. Hawa walitia rangi kwenye mfumo, wakamulika, wakaona bomba dogo linavuja kwenye maungio, wakabadilisha, na mpaka leo ni baridi. Fundi wao wa AC alinielekeza mwenyewe palipovuja bila hata kumwomba. Kwa hiyo kwa AC nendeni. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo: AC nzuri, injini hapana.

Ila kuna jambo lingine. Nikiwa nasubiri lango lifunguliwe, mmoja wa vijana wao (sisemi yupi, asije akatafutwa) akaniletea risiti niliyoisahau, akainama dirishani: "Dada, si umesema ukiweka N inapungua? Mwambie fundi wako afungue kile kifuniko kidogo cha chini, gia boksi inapokutana na injini. Aangalie bolti." Akaondoka. Yaani aliyekuwa ananisikiliza alikuwepo, ila hakuwa na ruhusa ya kusema.

Nikapeleka kwa Mzee wa mtaani kwetu. Hana bango, ana turubai na sanduku la spana. Baada ya shikamoo akasema tu, "Washa, mwanangu, weka D, usiachie breki." Akachukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha akaigusisha juu kwenye taperi kava, kifuniko cha juu cha injini, akashuka bloku, akashuka sampu, lile karai la oili, akahamia kwenye ganda la gia boksi. Pale akatulia, akaniita, nami akaniwekea mpini sikioni. Jamani, ulikuwa unapiga moja kwa moja kichwani. Akazima, akavua mkanda, akawasha kidogo tu ili kuitoa altaneta na pampu ya maji kwenye mashaka. Bado unagonga. Akachomoa soketi za koili kwa zamu. Uko vilevile. Kisha ndipo akalala chini na kufungua kifuniko.

Gari la otomatiki lina sahani nyembamba ya chuma nyuma ya krenki, mafundi wengi wanaiita flaiweli tu, na konveta ya gia boksi, inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia, imefungwa kwenye sahani hiyo kwa bolti. Aliizungusha injini kwa spana kwenye puli ya krenki huku akichungulia tunduni. Bolti ya kwanza inazunguka kwa vidole. Inayofuata haipo kabisa, tundu lake limelika na kung'aa pembeni. Sahani yenyewe haikuwa na ufa, Mungu mkubwa. Nikaenda Gerezani kutafuta bolti zake hasa, maana Mzee alikataa ya kubahatisha: ndefu kidogo tu na inaidhuru konveta. Akazifunga zote upya kwa gundi ya nyuzi. Kimya. Na P0325 yao? Panya alikuwa ametafuna waya wa sensa. Akaunga, taa ya hitilafu ikazimika. Elfu arobaini kila kitu.

Nikasema basi, niwaongezee nyota ya pili kwa ajili ya yule kijana. Hata nilishaanza kuandika hivyo.

Kisha Mzee akaniuliza swali moja: nani alishusha hii gia boksi mara ya mwisho? Anasema bolti zile zikifungwa sawasawa si rahisi kulegea zenyewe. Nikafungua deshibodi, nikapekua makaratasi, nikaikuta risiti ya mwaka jana hivi, kazi: kubadili sili ya nyuma ya krenki, inayozuia oili isivuje. Sili ile huifikii bila kushusha gia boksi. Muhuri wa juu ya risiti ni wa gereji ileile ya vigae. Sina picha ya mtu akiacha bolti imelegea, na siwezi kuapa mahakamani. Ila tangu ninunue gari hili, hakuna mwingine aliyeigusa gia boksi yangu.

Kwa hiyo mtu alegeze mwenyewe, gari ligonge, nilipe elfu thelathini ya kupima, halafu aniuzie nusu injini. Na katika kuishusha hiyo injini angezikuta zile bolti, akazikaza, na ningeondoka pale nikimshukuru.

Naichukua na nyota ya AC. Mfumo huu haukubali sifuri, hiyo moja mnayoiona ni ya kulazimishwa. Kijana wa langoni, ukisoma hapa, Mzee anatafuta msaidizi. Nimeshamwulizia, anasema uje na ovaroli yako.