TAHADHARI: Muuzaji wa seti za mayai ya bawaba, msiwashe oveni kwa maelekezo yake

Wale mnaotengeneza mayai ya mapambo ya kufungua na kufunga, kuna muuzaji anatangaza "seti kamili": udongo wa polima (wa kufinyanga na kuivisha kwenye oveni), maganda ya mayai ya bata bukini yaliyokwisha kukatwa, bawaba za shaba na karatasi ya maelekezo. Picha zake zinavutia, ila ni za wizi. Kwenye moja, alama ya msanii mwenyewe imefutwa nusunusu na bado inasomeka pembeni. Mimi seti hiyo imenifikia.

Kinachonitisha zaidi ni ile karatasi. Inasema choma kwa nyuzi 200 za Selsiasi! Udongo wa polima una PVC, aina ya plastiki, ndani yake. Huiva kati ya nyuzi 110 na 135 hivi, kutegemea chapa. Kwa 200 unaungua na kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayowasha macho, pua na koo. Mtu mwenye pumu jikoni hapo, sijui itakuwaje.

Maganda nayo ni plastiki nyembamba. Ganda halisi halina shida na joto la kuivisha udongo; haya yalijikunja kwa nyuzi 110 tu. Nusu mbili zikishapinda hazikutani tena, kwa hiyo bawaba haina kazi. Na hizo bawaba zinanasa kwenye sumaku. Shaba hainasi, ni chuma kilichopakwa rangi.

Udongo mweupe ulikuwa polima kweli, ila wa zamani, unamomonyoka kama mkate mkavu. Wa rangi ni ule wa kukauka kwa hewa. Ukiwa na wasiwasi, acha kipande wazi usiku kucha: polima utaikuta laini vilevile, huo mwingine umekakamaa.

Nilipodai pesa zangu akataka kwanza nilipe "ada ya kurejeshewa". Huo ni wizi wa pili, msilipe. Baadaye akanizuia, na sasa picha zilezile zinazunguka kwa jina jipya la duka.

Akikufuata, mwombe video fupi ya yai likifunguliwa mkononi mwake, pembeni karatasi yenye tarehe ya leo. Kwangu alikuja na visingizio tu. Kama umeshalipa, tunza risiti, ujumbe na kifurushi, ufungue malalamiko mapema kwa waliopitisha malipo, maana muda wa kulalamika huwa na kikomo.