Koti la lebo ndiyo, suruali yake hapana

Tuanze na kile kitambaa kidogo kwenye mkono wa koti. Mimi ni MC hapa Dar, mwaka wa tisa sasa, na kila Jumamosi nawaona ukumbini: kaka kapendeza, viatu vinang'aa, halafu juu ya vifungo vya mkono wa kushoto lebo imekaa kama bendera ya ubalozi. Ndugu zangu, kile kitambaa kimeshikizwa kwa nyuzi nne tu ili koti litambulike likiwa limetundikwa dukani. Ukishalinunua, kinafumuliwa. Na ule uzi wa alama ya X unaofunga mpasuo wa nyuma nao unatolewa. Siwacheki. Koti langu la kwanza la maana nililivaa na lebo yake harusi tatu, mpaka bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akaniita pembeni: "Mwanangu, umesahau kutoa bei."

Koti hilo nililinunua Dubai mwaka 2021, nilipomsindikiza shemeji aliyekwenda kufuata mzigo wa simu. Jina silitaji, maana yaliyofuata si mazuri na huenda niliangukia bovu kati ya mazima mengi. Ila ni jina ambalo hata bodaboda wa Kinondoni analijua. Suti nzima, koti na suruali, dirhamu 1,450 baada ya punguzo. Kwa wakati ule ni kama laki tisa za kwetu.

Vipimo vyangu ni hivi: kifua inchi 40, kiuno 37, urefu futi 5 na inchi 5. Suti nyingi za Ulaya zinazouzwa koti na suruali pamoja zinakatwa kwa kudhani kwamba kiuno cha mwanamume kimepungua inchi 6 hivi kuliko kifua chake. Mwenye kifua cha 40, ambayo kwa Mjerumani na Mwitaliano ni saizi 50, anapewa suruali ya 34. Mimi na hiyo 34 hatukufika hata kwenye kifungo. Muuzaji akanipandisha mpaka 54; suruali ikaingia, koti likawa la kuazima kwa baba. Wajerumani wana saizi za watu wafupi, ambapo 25 ndiyo 50 iliyopunguzwa urefu, lakini pale dukani sikuiona. Nikachukua 50, nikijisemea fundi atajua la kufanya.

Fundi wangu yuko Kariakoo, mzee wa zaidi ya miaka sitini, haongei mpaka umwamkie vizuri. Aligeuza suruali ndani nje, akakuta akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, akaiachia yote. Ikafika 36. Inchi moja iliyobaki nimeilipia kwa kujifunza kupumua kwa kipimo. Mikono ya koti ilikuwa inafunika vidole gumba, na hapo ndipo penye mtego: vishimo vya vifungo vya mkono vilikuwa vimetobolewa kweli, kwa hiyo huwezi kukata kutoka chini, vifungo vitaning'inia ukingoni. Ilibidi mkono ung'olewe begani na kupunguzwa kutokea juu. Elfu sitini. Tangu siku hiyo nikikuta koti ambalo vishimo vya mkono ni mshono wa juu tu, sioni nimepunjwa. Naona nimerahisishiwa.

Lakini bega! Hapa lazima niseme haki. Nimeshonewa suti mjini hapa tangu naanza kazi, na bega la fundi wetu mara nyingi hukaa vizuri ukiwa umesimama kama unapigwa picha ya pasipoti. Inua mkono wenye maiki uone koti zima linavyopanda mpaka kola inagusa masikio. Hili la Dubai lilibaki mahali pake. Nilicheza, nilishika maiki juu, niliinama kumnong'oneza bibi harusi, kola haikuachana na shingo. Mwaka wa kwanza niliamini ile laki tisa haikupotea hata shilingi.

Mwaka wa pili kifua cha koti kikaota malengelenge. Kidogo kidogo, upande wa kulia, kama andazi linapoanza kuumuka. Nikadhani dobi kaniunguzia. Fundi akalibana kwa vidole, akatingisha kichwa: gamu imeachia. Koti la namna hii, kifua chake kinasimama kwa kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi na moto. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu. Gamu nzuri huishi miaka, lakini koti lilowe jasho la Dar kwa muda wa saa kumi kila wiki, kisha lipate mvuke na joto la pasi, gundi inachoka. Ikishachoka hakuna dawa. Kilichoniuma ni kwamba kwa bei ile nilidhani njia hiyo nimeikimbia, kumbe jina kubwa linauza koti la gamu na koti la kushonwa, kila moja kwenye rafu yake, na lebo ya ndani inafanana.

Njia nyingine ni kanvasi: kitambaa chenye nywele za farasi kinachoshikizwa ndani ya kifua kwa sindano, bila gundi. Kinacheza na mwili, na hakina cha kubanduka. Namna ya kukijua: bana kitambaa cha mbele chini ya kishimo cha mwisho cha kifungo, vuta safu ya nje na ya ndani zitengane. Ukihisi kuna safu ya tatu inaelea katikati, umepata. Ukihisi mbili tu, na ya nje ni nzito kama kadi, ni gamu. Rudia kifuani, kwa sababu kuna yaliyowekwa kanvasi nusu ya juu tu, na hayo si mabaya hata kidogo.

Kwa ujuzi huo nikaenda Karume, kwenye mitumba, mwaka 2023, nikawa mbanaji wa makoti mpaka mwenye genge akaniuliza kama ni daktari. Kwenye rundo nikapata la Zegna, rangi ya bluu ya usiku. Hawa wako Trivero, Italia kaskazini, tangu 1910, na wanafuma vitambaa vyao wenyewe. Safu tatu, vifungo vya pembe, bitana imechanika kwapa la kushoto. Jamaa alitaka elfu 80, tukamalizana 45. Alikuwa anasifia zaidi la pembeni lenye jina linalotamkika. Fundi alitoa bitana ya nyuma yote akabakiza mikono na mbele, joto likapungua nusu. Giorgio Armani alijijengea jina kwa kuyavua makoti pedi na ugumu, tangu alipofungua kampuni yake Milan mwaka 1975. Baba zetu na Kaunda suti zao zisizo na bitana wangemwelewa bila mkalimani.

Kuhusu kitambaa, usibabaishwe na namba. Super 100's maana yake sufu ambayo unyoya wake hauzidi maikroni 18.75, Super 150's haizidi 16.25. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa laini zaidi, na kinakunjamana na kulika upesi. Kwa anayefanya kazi kwenye koti, 100 au 110 inatosha. Nimewahi kununua mita tatu na nusu mjini, pindoni pameandikwa Super 150's na Uingereza kwa nyuzi za dhahabu. Nyumbani nikachoma uzi mmoja. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Huu ukayeyuka, ukaganda kama shanga.

Suruali za lebo nimeachana nazo. Kiuno 37 na paja la mcheza mpira wa zamani havina duka. Fundi wangu ananishonea kwa elfu 40 nikimpa kitambaa, na sijawahi kurudisha. Mashati ni hivyo hivyo. Polo zenye mnyama kifuani sina maoni, ni pamba kama pamba nyingine na mnyama wake.

Kwa hiyo laki tisa mkononi leo ningeigawa: koti la kanvasi la mtumba, kulirekebisha, suruali mbili za fundi, viatu, na chenji ingebaki. Ukitaka koti jipya la lebo, nunua likiuzwa peke yake, bega likukae hapo hapo dukani, maana bega ndilo fundi asiloligusa bila kulibomoa koti.

Lile la malengelenge sikulitupa. Mwezi uliopita mzee aliniomba, akalifumua lote, akapanga vipande juu ya karatasi ya kaki na kuanza kupima. Akaniita nione. Mshono wa bega, kipande cha nyuma ni kirefu kidogo kuliko cha mbele. Ile ziada inamezwa taratibu kwa sindano na mvuke, ndiyo inayompa mtu nafasi ya kusogeza mkono. "Miaka thelathini nakata sawa kwa sawa," akasema, akicheka peke yake. Ananishonea jipya kwa paterni hiyo, Alhamisi nakwenda kujaribu.

Jana kanipigia. Lebo ya ndani ameitoa salama, airudishie kwenye hili? Nikamwambia hapana, mzee, haina haja.

"Basi vizuri," akasema. "Nina mteja anaitaka."