Fundi wa printa za leza, Mwanjelwa: anapima kwanza, anafungua baadaye

Nina steshenari ndogo upande wa Iyunga, hapa Mbeya, na wateja wangu wakubwa ni wanafunzi wa chuo wanaoleta ripoti za mafunzo kwa vitendo zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya kukusanywa, pamoja na walimu wanaochapisha mitihani ya majaribio ya madarasa mazima. Printa ya leza ndiyo jembe langu, na ikisimama nusu siku, siku hiyo sijalima. Ndiyo maana naandika tathmini hii ya karakana moja iliyo nyuma ya maduka ya Mwanjelwa, isiyo na kibao wala kadi ya biashara, ambayo nilielekezwa na mwenzangu wa steshenari baada ya kuchoka kulipia matengenezo yasiyotengeneza.

Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha karibu kila alasiri, printa yangu ilianza kutoa maandishi yaliyopauka, hasa kwenye ukanda mpana wa upande wa kushoto. Wakati huohuo ilianza kuvuta karatasi mbilimbili, au isivute kabisa na kuwasha taa ya kukwama ilhali ndani hamna karatasi yoyote. Fundi wa kwanza, ambaye duka lake ni la vioo na lina kiyoyozi, sijui cha nini katika baridi hii ya Mbeya, aliniuzia katriji mpya, lile kasha lenye unga wa kuchapia uitwao tona, kwa Sh 90,000 bila kuchapa hata ukurasa mmoja wa kupimia. Siku tatu baadaye, hali ilipokuwa ileile, alisema fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha unga huo kwa joto ili ushike kwenye karatasi, imekufa na akanitajia Sh 250,000. Nikabeba printa yangu nikaondoka.

Fundi wa Mwanjelwa ni mtu mzima, mpole, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Baada ya shikamoo na marahaba, hakugusa printa. Aliuliza, “Mwanangu, karatasi zako ziko wapi?” Nikamwambia sikuja na karatasi, nimekuja na mashine mbovu. Akanirudisha Iyunga kuchukua rimu niliyokuwa natumia, na nakiri kwamba ndani ya daladala nilikuwa nimekasirika.

Niliporudi aliipokea rimu ile, akachomoa karatasi chache za katikati na kuziweka juu ya meza. Pembe zake zikaanza kujikunja juu taratibu. Akaniuliza zinalala wapi. Zilikuwa zinalala sakafuni, juu ya saruji, chini ya dirisha, zikiwa zimefunguliwa. Hakusema neno, alichukua karatasi kutoka kwenye kabati lake, akachapa ukurasa uleule kwa karatasi zangu na kwa zake, akaziweka sambamba. Yake ilikuwa nyeusi zaidi kwa kiasi ambacho hata mteja asiyejali angekiona, ingawa ule ukanda wa kushoto ulibaki umepauka kwenye zote mbili.

Kipimo kilichofuata ndicho kilichonifanya nimwamini. Aliamuru printa ichape ukurasa uliojaa maandishi, na karatasi ilipofika nusu ya safari akafungua mlango ghafla, mashine ikasimama. Akachomoa katriji, akainua kifuniko chake kidogo kwa kidole, na kunionyesha dramu, lile bomba la kijani linalong'aa kama ganda la mende. Juu yake kulikuwa na maandishi yangu, yamegeuzwa kama kwenye kioo, meusi kutoka ukingo hadi ukingo, kushoto kama kulia. Kisha akaizungusha kidogo ili nione sehemu iliyokwisha kupita juu ya karatasi. Sehemu hiyo inapaswa kubaki karibu tupu, lakini upande wa kushoto kulikuwa na kivuli kizito cha tona ambayo haikuhama. Kwa hiyo katriji ilikuwa inafanya kazi yake. Na fyuza isingeweza kulaumiwa, kwa kuwa fyuza huyeyusha tu kile kilichokwisha kufika kwenye karatasi. Alipomaliza aliifunika dramu kwa kitambaa cheusi, kwa sababu mwanga ukiikalia muda mrefu unaiharibu.

Kwa wenzangu ambao wamekuwa wakibadilisha katriji kama mimi, ni vizuri kueleza kinachotokea humo ndani. Dramu kwanza hupewa chaji hasi ya mamia ya volti uso wake wote, kisha leza huipitia na kuiondoa chaji hiyo mahali panapotakiwa kuwa na herufi. Tona, ambayo si wino bali ni unga wa plastiki na rangi nyeusi, wenye chembe za maikromita chache tu, nayo huwa na chaji hasi, kwa hiyo inasukumwa na sehemu ambazo leza haikugusa na kushika pale ilipogusa. Karatasi inapopita chini ya dramu, kuna rola laini ya sponji chini yake ambayo hutia chaji chanya nyuma ya karatasi, na chaji hiyo ndiyo inayoivuta tona kutoka kwenye dramu hadi kwenye karatasi. Hadi hapo herufi zimekaa tu juu, ungeweza kuzifuta kwa kidole, mpaka zifike kwenye fyuza na kubanwa kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Tona chache zilizobaki kwenye dramu hukwanguliwa na wembe wa mpira na kuangukia kwenye chumba cha taka.

Katika mlolongo huo wote, kazi ngumu ni ule mruko kutoka dramu kwenda karatasi, na hapo ndipo karatasi yangu ya sakafuni ilipoharibu mambo. Karatasi kavu huitunza chaji mgongoni kwake. Karatasi iliyonyonya unyevu huipitisha, chaji inavuja, na tona inabaki ilikokuwa. Hata Chester Carlson, mvumbuzi wa uchapaji huu wa kutumia chaji, alipopata nakala yake ya kwanza kavu huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, alisugua bamba la zinki lililopakwa salfa kwa leso ili kulitia chaji, akanyunyiza unga, kisha akaubandua unga ule kwa karatasi yenye nta aliyoipasha moto. Leza ilikuja miaka mingi baadaye kwa kazi ya Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox, lakini unga, chaji na karatasi ni vilevile, na mvua za Mbeya hazijali ni mwaka gani.

Ukanda wa kushoto ulikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa mimi. Fundi alimulika tochi chini, kwenye ile rola ya sponji, akaniuliza ni nani aliyeishika. Nilikuwa nimeifuta mwenyewe, mwezi mmoja kabla, kwa kitambaa chenye spiriti, nikidhani nafanya usafi, na nilikuwa nimeanzia kushoto kabla ya kuitwa na mteja. Rola hiyo haishikwi kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanatosha kuacha mabaka, na wala hailoweshwi. Ikichafuka kwa tona iliyomwagika hupigwa brashi kavu laini, na ikishaharibika hubadilishwa.

Suala la karatasi kupita mbilimbili alilieleza kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwa fundi yeyote. Chukua karatasi mbili zilizo juu ya trei. Rola ya kuvutia inaishika ya juu kwa mpira wake, na pedi iliyo mkabala inaizuia ya chini. Ili mambo yaende, msuguano wa rola na karatasi lazima uwe mkubwa kuliko ule wa pedi na karatasi, na huo wa pedi lazima uwe mkubwa kuliko ule wa karatasi kwa karatasi. Rola ikikomaa na kung'aa, inateleza na karatasi haitoki. Pedi ikilika, inashindwa kuizuia ile ya pili, nazo zinaingia pamoja kama mapacha. Alinipa rola yangu niishike: mpira ulikuwa mgumu, umeng'aa kama soli ya kandambili iliyotembea barabara ya lami miaka mitatu.

Kuhusu taa ya kukwama wakati hamna kilichokwama, jibu lake lilikuwa fupi. Printa haioni karatasi, inaihesabia muda. Baada ya kuvutwa, karatasi inapaswa kuigusa sensa ya kwanza, yaani kitambuzi cha karatasi, ndani ya muda uliopangwa, kisha ncha yake inanyooshwa na rola nyingine kabla ya kuruhusiwa kwenda kwenye dramu. Ikichelewa kwa kuwa rola ya kuvutia inateleza, mashine inatangaza kwamba imekwama, nawe unaanza kufungua milango yote ukitafuta karatasi ambayo bado iko kwenye trei.

Kwanza aliifuta rola ya kuvutia kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kwa maji safi na kukamuliwa, akachapa kurasa 20. Ilivuta vizuri kurasa 15 za mwanzo, kisha ikarudia tabia yake, na hapo ndipo aliposema ibadilishwe. Napenda utaratibu huu, kwa kuwa mara nyingi kitambaa cha maji kinatosha na mteja anaokoa fedha, hasa baada ya kiangazi chetu cha Agosti hadi Oktoba ambapo vumbi linaingia kila mahali. Aliyewahi kutumia thina au petroli kwenye mpira huo anajua jinsi unavyovimba na kupasuka. Vilevile alikataa kuweka rola mpya bila pedi mpya, akisema viwili hivyo huzeeka pamoja.

Sasa lawama zangu. Vipuri hakuwa navyo. Vilitoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya km 800, na nilisubiri siku nne katikati ya msimu wa mitihani, nikiwapeleka wateja wangu kwa jirani ambaye hadi leo hajanirudishia wote. Hana printa ya kuazimisha. Simu yake hupokelewa akitaka. Risiti ni kipande cha daftari, jambo ambalo kwa mwenye duka anayetunza hesabu zake ni kero ya kweli, na nilimwambia hivyo usoni. Karakana yenyewe iko kando ya njia ya vumbi, na ingawa yeye hufunika kila mashine kwa shuka, ningependa kuona mlango wa maana pale. Printa za rangi hapokei kabisa, na hilo simlaumu, kwani ni heri akatae kuliko ajaribie kwenye mali ya mtu.

Bei hazina mzaha wala uonevu: ukaguzi na usafi Sh 10,000, rola ya kuvutia pamoja na pedi yake Sh 35,000, rola ya sponji Sh 40,000. Jumla ni Sh 85,000, yaani pungufu ya ile katriji ambayo sikuihitaji.

Wakati wa kunikabidhi alinipa maelekezo ambayo nimeyafuata na kuyaona yana maana. Rimu ibaki kwenye kifungashio chake hadi siku ya kuitumia, ikae kwenye rafu ya mbao mbali na ukuta na sakafu, na karatasi zilizobaki kwenye trei jioni za mvua zirudishwe kwenye mfuko. Karatasi iliyokwama ivutwe kwa mikono miwili, polepole, kufuata mwelekeo wake wa safari, baada ya kuzima mashine na kuiacha fyuza ipoe; na pini za kubania zitolewe zote kabla karatasi iliyotumika upande mmoja haijarudi kwenye trei, kwani pini moja inachana utando wa fyuza, na huo ndio ugonjwa wa Sh 250,000 kwa haki. Tona ikimwagika kwenye nguo au mikono ni maji baridi tu, kwa sababu ya moto yanaigandisha. Katriji ikijazwa upya, chumba cha taka kimwagwe kwanza, la sivyo kitafurika na kuchafua kila ukurasa. UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba umeme ukikatika, isibebeshwe printa ya leza, kwa kuwa fyuza ikianza kupasha hula umeme mwingi kwa mkupuo.

Alinifundisha pia kutembea na rula. Doa linalojirudia kwenye ukurasa kila baada ya sm 7.5 hutoka kwenye dramu yenye kipenyo cha mm 24, kwa kuwa huo ndio mzingo wake. Kwa dramu ya mm 30 ni kama sm 9.4. Ukipata vipimo vingine, chanzo huenda ni rola nyingine, na usikimbilie kubadilisha katriji kabla ya kujua ni ipi. Rula hiyo ya plastiki sasa inaning'inia kwa kamba pembeni ya printa yangu, na imeshamsaidia hata yule jirani.

Ndani ya mlango wa mbele aliandika kwa maka tarehe ya kubadilisha rola na idadi ya kurasa iliyoonyeshwa na mashine siku hiyo, ili atakayefungua baadaye asianze kubahatisha. Tangu wakati huo nimechapa zaidi ya rimu 20, na karatasi imekwama mara mbili, zote mbili kijana wangu akiwa ameijaza trei kupita mstari. Ukienda kwake, fika kabla ya saa nne asubuhi, maana baada ya hapo foleni ni ndefu, na usiache kubeba karatasi zako.