Jiriwa la mtumba, drili ya "volti 88" na vingine nilivyonunua Gerezani

Ukitaka vifaa vya ufundi Dar es Salaam bila kuzunguka mji mzima, nenda Gerezani. Kariakoo ya ndani navyo vimejaa, lakini Gerezani duka la grinda limepakana na fundi anayezisuka upya zikiungua, na kwangu mimi ujirani huo una thamani kuliko waranti ya miezi sita iliyochapwa nyuma ya boksi. Mimi si fundi wa kulipwa. Nina banda nyuma ya nyumba Kigamboni, Toyota moja ya zamani, geti linaloliwa na kutu na watoto wanaovunja vitanda. Kwa muda sasa nimekuwa nikilijaza banda vifaa kidogokidogo, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya vitu vilivyokwisha kuchafuka mikononi mwangu.

Nianze na jiriwa, lile banio la mezani lenye taya mbili za kubana chuma, maana ndilo lililonifurahisha kuliko vyote. Ni Record, rangi ya buluu iliyobanduka, limetengenezwa Sheffield, Uingereza, na lilikuwa limelala chini mbele ya duka la mitumba katikati ya giaboksi na mota zilizokufa. Nililitolea 180,000 baada ya kuvutana na muuzaji mpaka chai yake ikapoa. Kwa hela hiyohiyo ningepata jipya la Mchina, kubwa zaidi na linalong'aa. Hilo jipya nililipima palepale dukani: nikafungua taya karibu ifike mwisho, nikaishika ile inayotembea, nikaitikisa juu na chini. Ikacheza. Jiriwa linalocheza likiwa kwenye boksi haliwezi kutulia likiwa kazini. Utabana kipande cha chuma, upige tupa, kipande kitanyanyuka kidogo na tupa itaruka juu yake badala ya kula. La mtumba lilikuwa na kutu na skrubu yake ilikuwa imekauka grisi, lakini taya haikutikisika hata kidogo.

Cha kuogopa kwenye la mtumba ni ufa. Mwili wake ni chuma cha kusubu, na chuma hicho hakichomelewi kirahisi kama bomba la geti. Lililopasuka likazibwa na kupakwa rangi huwa linapasuka tena palepale. Nikalipindua, nikakwangua rangi kwa ufunguo kwenye mzizi wa taya, halafu nikaligonga kwa spana mahali mbalimbali nikisikiliza. Zima linalia. Lenye ufa linatoa sauti butu. Muuzaji alikuwa ananitazama tu mwisho uzalendo ukamshinda: "Mzee wangu, unanunua jiriwa au unanunua tikitimaji?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, lakini niliendelea kugonga.

Kulivusha kwa pantoni ndiyo ilikuwa shughuli. Bodaboda wa ng'ambo alipolinyanyua alitaka nauli ya abiria wawili, nami sikubishana naye. Lilipofika nililifungua lote, nikalisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikapaka grisi kwenye skrubu na kulifunga juu ya ubao wa mninga kwa bolti zinazotokeza hadi chini. Kigamboni upepo wa bahari hauna likizo, chuma kitupu kikiachwa kinaota kutu kabla hujakisahau, kwa hiyo nikimaliza kazi nalipitishia tambara lenye oili. Ni hilo tu linalodai.

Upande wa pili kabisa kuna drili ya betri. Imeandikwa 88V kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nilishaijua siri yake kabla sijatoa 65,000. Nilikuwa nataka kitu chepesi cha kufungia skrubu za bawaba na mapazia, na kwa bei ile sikuwa na la kudai. Ila kwa anayeamini boksi, hesabu ni hii. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 au 3.7 kwa wastani, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Nilifungua skrubu za betri nikakuta ndani seli tano zimeunganishwa mfululizo. Tano mara 4.2 ni 21. Nikaweka multimita, ikasoma 20.6. Hizo 88 hazimo humo hata ukizitafuta kwa tochi. Drili za kampuni kubwa zinazoandikwa 18V nazo kwa kawaida zina seli tano mfululizo, na zinazoandikwa 20V Max ni hizohizo, ila waliohesabu wamehesabu zikiwa zimejaa. Kwa hiyo 18, 20 na 21 ni ukoo mmoja, na 88 ni porojo za sokoni.

Inafanya kazi? Inafanya. Kwenye mbao ngumu inapita na biti ya milimita 6 bila kulalamika, ukiipa nafasi ya kupumua. Ukuta wa tofali za saruji unaishinda, inazunguka pale juu ikitoa vumbi na harufu. Mdomo wa kushikia biti unayumba, unaona kabisa ncha inachora duara badala ya kusimama, kwa hiyo tundu la kupitishia bolti lisilotaka mzaha natobolea drili ya waya. Kinachonikera ni chaja. Ni adapta nyepesi kama ya redio, haina taa ya kuonyesha betri imejaa, na baada ya muda inapata moto wa kutosha kukufanya uitoe haraka. Siiachi kwenye soketi nikaenda kulala, na ningekushauri nawe usithubutu.

Grinda sikuikimbilia. Unaweza kuziona za kijani-buluu zenye jina la Makita kwa 60,000 duka hili na zaidi ya mara tatu ya bei hiyo duka linalofuata, boksi ukiziweka pamoja huzitofautishi. Makita inaigwa sana. Ya bei ya chini ilikuwa na waya mgumu wa plastiki na plagi ya miguu miwili. Ya bei ya juu waya wake ni wa mpira, unakunjika bila kugoma. Orijino ni mashine nzuri, sikatai, ila mimi sikati chuma kila siku. Kabla sijazungumza na muuzaji yeyote nilikwenda kwa yule fundi wa kusuka mota, nikamwonyesha picha kwenye simu za grinda nilizokuwa nazifikiria.

"Kaka, hiyo INGCO chukua. Kaboni ninazo, amecha ninazo, suichi ninayo. Hiyo nyingine ukiiunguza utaniletea nikupe pole."

Vyote alivyovitaja ni vipuri vya grinda. Nikachukua INGCO ya inchi nne na nusu, wati mia saba na kitu, kwa 95,000, na kaboni za akiba kwa 3,000. Hadi sasa imekata geti la zamani lote na kusugua chesisi ya tela la jirani, na kaboni za akiba bado ziko kwenye droo. Ina kelele, na suichi yake ya kusukuma kwa kidole gumba inaingia vumbi la chuma na kuwa nzito. Naipulizia hewa, inalegea.

Hapa nina jambo la diski, maana naliona kila siku kwa mafundi wa barabarani na linanitisha. Diski ya inchi tisa ikiisha ikabaki ndogo, wanaivalisha grinda ndogo baada ya kung'oa kinga. Inaingia vizuri, tundu la katikati ni lile lile. Lakini soma maandishi yake: diski ya milimita 230 ya kawaida imeruhusiwa mizunguko 6,600 kwa dakika, na grinda ndogo inazunguka 11,000 hadi 12,000. Diski yake halali ya milimita 115 imeruhusiwa 13,300. Angalia pia ile pete ya chuma katikati ya diski, nyingi zimechapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa sababu gundi inayoshika zile chembe inachoka, na unyevu wa pwani unaichosha mapema. Nimekuta dukani diski zilizopitwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Nikazirudisha kwenye meza.

Mashine ya kuchomelea ndiyo iliyokula muda wangu mwingi. Zamani ukisema mashine ya kuchomelea ulimaanisha lile sanduku la koili za shaba linalobebwa na watu wawili. Sasa kuna hizi inveta, kilo nne au tano, unaning'iniza begani. Na hapo ndipo uongo wa boksi unapochanua: ampea 250, 300, nimeona hadi 400. Chukua hiyo 300 uihesabu. Kwa mashine za kuchomelea kwa vijiti, ampea 300 zinakwenda na volti 32 hivi pale mbele. Zidisha: wati 9,600. Hata kama mashine haipotezi chochote njiani, kwenye umeme wa volti 230 ingebidi ivute zaidi ya ampea 41. Sasa tazama plagi iliyokuja nayo, au soketi yako ya ukutani yenye fyuzi ya ampea 13. Ukikuta kibati cha nyuma kinasema inavuta ampea 20 na kitu, huo ndio ukweli. Ile 300 ya mbele ni pambo.

Niliyoichukua imeandikwa 200, niliilipia 210,000 na risiti ya EFD, na naichukulia kama ya 120 au 130. Kwa kijiti cha geji 12, yaani milimita 2.5, nahitaji ampea kati ya 60 na 90, na hapo inafanya kazi nzuri mno. Moto unashika mara moja, haugandi, na hata mimi mwenye mkono wa kujifunza napata mshono unaoeleweka kwenye bomba jembamba la mraba. Geji 10 inaichoma mchana, jioni haiwezi. Jioni mtaani kwetu kila mtu anapika na kuwasha feni, multimita inanionyesha 190 na kitu, na mashine inaanza kutema kijiti badala ya kukiyeyusha. Kwa hiyo kazi ya geji 10 ni asubuhi, baada ya wengi kwenda kazini. Kuhusu LUKU, mke wangu aliniuliza uniti zinakwenda wapi na nilikuwa na jibu: kwa ampea 80 mashine inakula kilowati mbili na kitu, lakini kwa muda ule tu moto unawaka. Kazi ya Jumamosi nzima, ukitoa kupima, kukata na kugonga ganda, ni moto wa nusu saa tu, yaani uniti moja na kidogo. Pasi inatuzidi.

Vitu viwili vilivyokuja ndani ya boksi lake nilivitupa: kile kioo cha kushika mkononi, maana kinakula mkono mmoja na kingo zake zinapitisha mwanga, na kibanio cha ardhi kilichokuwa cha bati. Kibanio kibovu kinapata moto na kinakufanya uilaumu mashine. Kofia ya kuchomelea, ile ambayo kioo chake kinajigiza chenyewe moto ukiwaka, niliinunua pembeni na ni hela niliyoitoa kwa moyo mweupe. Vijiti navihifadhi kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, la sivyo unyevu unaviingia na ganda linaanza kupukutika.

Seti ya soketi za kufungulia nati sina mengi. Toyota yangu inafunguliwa karibu yote kwa namba 10, 12 na 14, na nati za tairi 21, kwa hiyo seti ya vipande 108 ni kubeba vyuma usivyovigusa. Nilichukua chache za pembe sita, za kromu vanadi, moja moja. Za pembe 12 zinaingia haraka lakini nati iliyokula kutu zinailamba kona, na nati ya Kigamboni bila kutu haijazaliwa. Patasi nilinunua ya kufuliwa, mhunzi ameichonga kutoka springi ya lori, 8,000 pamoja na mpini, na inashika makali kuliko ile yenye mpini wa plastiki niliyokuwa nayo.

Jeki ya magurudumu, tani mbili, iko sawa. Inashuka taratibu ukilegeza na haijavuja. Ila stendi za kushikilia gari nilizitafuta kwa shida kuliko jeki yenyewe. Maduka mengi yana jeki zimepangwa mpaka darini, ukiuliza stendi unaambiwa weka tofali. Tofali la saruji linaweza kupasuka ghafla bila kukuonya, na mimi ndiye ninayeingia chini ya gari. Nilizipata za mtumba, za miguu mitatu na pini nene, mwisho kabisa wa mtaa, na muuzaji hakuzipandisha bei kwa sababu hakuna aliyekuwa anazitaka.

Kilichobaki ni kompresa. Niliyoonyeshwa safari iliyopita ilikuwa nzuri kwa macho, lita 50, na kwenye tangi stika ya "3 HP", yaani nguvu ya farasi watatu, inayoonekana toka ng'ambo ya barabara. Nikainama kusoma kibati cha mota: wati 1,500. Farasi mmoja ni wati 746. Nikamwambia muuzaji anipe bei ya farasi wawili. Akaangalia kibati, akaangalia stika, akasema bosi ndiye anayepanga bei na bosi yuko msikitini. Bado naitafuta.